Mkono Mmoja Kabla ya Ukuta

Katibu wa chama cha kuogelea alikuwa ameshachapisha barua ya kumfukuza binti kabla Mpelelezi hajapewa hata kiti. Ilikuwa mezani, safi, imebakiza saini tu.

"Afande, nisikupotezee muda," alisema Katibu, mtu wa shingo fupi na tai ndefu. "Huyu binti alijigonga ukutani makusudi. Mwaka jana alijidhuru, mwaka huu amerudia. Kamati inakaa alasiri, tunamrudisha kwao, wewe unafunga jalada lako, kila mtu anaendelea na shughuli zake."

"Mama yake aliyekuja kituoni hakusema hivyo. Alisema mwanawe amepasuka kichwa ndani ya bwawa lenu."

"Sasa mama gani atakuja kukuambia mwanawe kichwa hakijatulia?"

Mpelelezi alijivutia kiti mwenyewe. Alikuwa mtu mzima wa umbo dogo, hajui kuogelea hata kwa dawa, na alizoea kuwaacha watu waongee mpaka wajikwae wenyewe.

"Mwaka jana, alipojidhuru, mlimfanyia nini?" aliuliza baadaye.

"Mengi tu." Katibu alijiweka sawa kitini. "Tuling'oa komeo la mlango wake. Simu tukaichukua. Halafu tukamhamishia Nahodha wa timu chumbani, amlinde. Kila asubuhi Nahodha ananiletea habari: amelala, hakulala, amelia, hakulia."

"Nahodha ana umri gani?"

"Ndio kwanza anaingia ishirini. Lakini yule ni mtu mzima, Afande. Tangu aje hapa mtoto mdogo hajatusumbua hata siku moja."

"Na daktari wa mambo hayo?"

"Daktari yumo kwenye mipango ya mwakani."

"Siku ya tukio, asubuhi, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapahapa ofisini. Nilikuwa na mgeni." Hakusema mgeni gani, na Mpelelezi hakumbana. Aliomba funguo za bwawa. Katibu akavuta mtoto wa meza na kumpa zote, kwa maana alikuwa amezikusanya siku ileile na kuamuru ukumbi ufungwe, asiingie mtu.

Binti mwenyewe alikuwa chumbani anafungasha. Kambini walimwita Kinda, kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote na mwenye kasi kuliko wote, mambo mawili ambayo wenzake hawakuyasamehe kwa urahisi. Bandeji ilimzunguka kichwa mpaka kwenye nyusi. Mlangoni, pale komeo lilipokuwa, palibaki alama za misumari.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Ulijigonga?"

"Ningetaka kujigonga ningetumia ukuta huu hapa, uko karibu." Alikunja suruali, akaikunjua, akaikunja tena. "Samahani. Hapa utani wangu huwa unaandikiwa ripoti."

"Mimi siandiki. Nieleze ilivyokuwa."

Kinda alikaa kitandani. Akamweleza kwamba waogeleaji wa chali hawaoni waendako, wanaangalia dari tu. Ndiyo maana karibu na ukuta kunafungwa kamba yenye bendera ndogondogo, kutoka nguzo ya upande huu wa bwawa hadi nguzo ya upande ule. Bendera zikipita juu ya macho, mwogeleaji anaanza kuhesabu mikono yake. Kila mmoja ana hesabu yake, na yake yeye ni mitano: minne ya kawaida, wa tano anajitupa nyuma na kuushika ukuta.

"Hesabu hiyo ninayo tangu niko mdogo. Siku ile nilikuwa kwenye mkono wa nne, kichwa kikawa kimeshafika."

"Ulikosea kuhesabu?"

"Kila mtu ananiuliza hivyo." Sauti yake ilishuka. "Katibu anasema nilikosea kwa sababu akili yangu si nzima. Mwanzoni nilibisha. Sasa hivi, Afande, sijui tena. Nikifukuzwa nitaumia, lakini nitapona. Ila kama kweli siwezi tena kuhesabu mpaka tano, basi nitaamini kitu gani kichwani mwangu?"

Mpelelezi aliitazama bandeji, kisha akatazama kitanda cha pili, kilichotandikwa pasipo kunyanzi.

"Cha Nahodha hicho?"

"Cha dada, ndiyo. Yeye ndiye aliyenitoa majini. Alilia kuliko mimi."

"Nani humu ndani anakuonea wivu?"

Kwa mara ya kwanza Kinda alicheka. "Labda uniulize nani hanionei. Ukipenda, anza na Kocha. Katazame ubao."

Ubao ulikuwa ukutani mwa ukumbi wa bwawa, umeandikwa rekodi kwa rangi ya dhahabu. Majina yote yalikuwa mapya isipokuwa moja, la kuogelea chali, lililokuwa limekaa pale mpaka dhahabu yake ikapauka. Lilikuwa la Kocha, enzi zake. Mpelelezi alilisoma, akasogea ukingoni mwa maji kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba akianguka atahitaji kuokolewa.

Mhudumu wa bwawa alimfuata nyuma akiwa na fagio la deki mkononi. "Hakuna kilichoguswa, Afande. Walipomtoa tu, Katibu akafunga."

Mpelelezi alichuchumaa chini ya nguzo ya kwanza ya bendera. Nguzo ilisimama kwenye tundu sakafuni. Hatua moja nyuma yake, mbali zaidi na ukuta, palikuwa na tundu jingine lililozibwa kwa kizibo cha mpira. Kitu kimoja kilimkera. Tundu lenye nguzo lilikuwa na mdomo wa chuma uliooza kwa kutu, na magamba ya kutu yamemwagika mapya kwenye vigae. Tundu lililozibwa, ambalo kwa hiyo halitumiki, mdomo wake ulikuwa unang'aa kama sufuria ya kila siku.

Akavuka ng'ambo ya pili, akakuta mambo ni yaleyale.

"Nguzo hizi zinatakiwa kukaa tundu lipi?"

Mhudumu alitazama, akatazama tena, fagio likamponyoka. "Mungu wangu. Hili la mbele ni la zamani! Lilizibwa ukuta ulipojengwa upya. Ukuta mpya ulisogea ndani, ikabidi watoboe matundu mengine."

Basi bendera zilikuwa zimesogezwa karibu na ukuta kwa urefu wa mkono mmoja. Aliyezipita na kuhesabu kama kawaida alikuwa anakwenda kuukuta ukuta kabla hajamaliza hesabu.

"Nani anajua habari za tundu la zamani?"

"Wengi waliokuwepo wamekwishaondoka. Nimebaki mimi. Kocha. Na Nahodha, alikuja kujifunza hapa akiwa kadogo, nguzo zinamzidi urefu."

"Na funguo?"

"Mimi siku ile niliingia baada ya kelele. Wenye funguo za asubuhi ni Kocha na Nahodha."

Mpelelezi alijifuta mikono. "Tuzirudishe nguzo mahali pake. Halafu panga vile vibao vya kujifunzia kuogelea kuzunguka miguu yake, matundu yasionekane. Ukimwambia mtu yeyote, hata mkeo, nitakulaza kituoni."

"Mke wangu mwenyewe hanisikilizi, Afande."

"Afadhali. Niitie Kocha."

Kocha alikuja amejifunga taulo mabegani, mwanamke mrefu ambaye umri ulikuwa umemsogelea kwa heshima. Hakukaa.

"Asubuhi ya tukio ulikuwa wapi?"

"Nilitoka."

"Kutoka ni kwingi."

"Mimi nimesema nilitoka. Ukitaka kunifunga, nifunge."

Mpelelezi alionyesha ubao kwa kidevu. "Kinda alibakiza kiasi gani kulifuta jina lako?"

"Kidogo sana. Kwenye mchujo wa mwezi huu angelifuta."

"Unamwonea wivu?"

"Ndiyo." Kocha hakupepesa macho. "Ulitarajia nini? Mimi nililiandika jina lile kwa miaka ya ujana wangu. Anakuja mtoto, anachelewa mazoezi, anapiga mateke makabati, wiki nzima hasemi na mtu, halafu akiingia majini anafanya kwa siku mbaya kile nilichofanya mimi kwa siku nzuri kuliko zote. Roho inaniuma, Afande. Inaniuma kila asubuhi ninaposhika saa. Halafu namfundisha. Kama wivu ni kosa, jengeni jela hapo nje, mtutie sote."

Mpelelezi alipenda jibu hilo, lakini kupenda jibu si ushahidi. "Naomba uogelee. Chali, kasi yako yote, umalizie ukuta ule wenye bendera."

"Mimi? Nina magoti ya bibi kizee."

"Magoti hayo hayo."

Aliingia. Alipofika katikati ya bwawa, Mpelelezi alisahau magoti aliyokuwa ameambiwa. Kamba ya bendera ikapita juu ya uso wake, mikono ikazunguka bila haraka na bila shaka, wa mwisho ukaenda nyuma na kiganja kikalala ukutani. Alihesabu hesabu yake ya siku zote. Mtu aliyezihamisha bendera, na anayeamini bado ziko pale alipoziacha, asingethubutu kuogelea hivyo.

"Vaa, Kocha," alisema Mpelelezi. "Sasa niambie mgeni wa Katibu asubuhi ile alikuwa nani."

Kocha alibaki ameshika ukingo, anahema. "Mimi. Nilikwenda kumpigia magoti amletee huyu mtoto daktari. Sikutaka Kinda ajue kwamba niliomba nikanyimwa."

"Kwa nini Katibu hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusema hana haja na daktari, mara tukasikia mayowe."

Nahodha aliitwa mwisho. Alifika mapema kuliko alivyoambiwa, nywele zimebanwa, taulo limekunjwa pembe kwa pembe. Alimwamkia Mpelelezi, akamwamkia Kocha, akamwamkia mhudumu. Kinda aliketi juu kwenye viti vya watazamaji, alikoambiwa akae. Nahodha alipomwona, alimpungia mkono.

"Wewe ndiye uliyefungua ukumbi asubuhi ile?"

"Ndiyo, Afande. Niliogelea kidogo, halafu mdogo wangu akaja."

"Bendera zilikuwa sawa?"

"Sawasawa. Mimi mwenyewe nilizipita."

"Zilikuwa sawa, mtu mwenye hesabu akaugonga ukuta. Unadhani ilikuwaje?"

Nahodha aliinamisha macho. "Sipendi kumsema. Lakini nalala naye chumba kimoja. Kuna usiku haongei, anatazama dari mpaka kunakucha. Mtu wa namna hiyo, hesabu inaweza kumpotea."

Alisema kwa upole kiasi kwamba Kocha alitikisa kichwa kwa huruma. Kule juu, Kinda alijishika bandeji.

"Nisaidie jambo moja, nione alivyopita," alisema Mpelelezi. "Ogelea kama yeye. Chali, kasi yote, njia ya nne."

"Njia yangu ni ya tano."

"Tangu lini?"

"Tangu yeye alipokuja."

Aliingia majini upande wa mbali. Kocha akapuliza filimbi. Msichana alikuwa mzuri majini, hilo hata asiyejua kitu aliliona, ila alikuwa na uzuri wa mtu anayefuata kila alichoambiwa. Bendera zikapita juu ya uso wake. Mkono, mkono, mkono. Kisha akajikunjua, akajitupa nyuma kwa nguvu zake zote, na kiganja chake kikapiga maji.

Hapakuwa na ukuta. Ukuta ulikuwa bado mbele, urefu wa mkono mmoja. Nahodha alielea hapo, ameunyoosha mkono kwenye maji matupu, kisha akageuka taratibu na kuutazama.

"Umepunguza mkono mmoja," alisema Mpelelezi.

"Nimechoka, Afande."

"Aliyechoka hupiga mikono mingi, hapigi michache. Kocha, si kweli?"

Kocha alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Aliinamisha kichwa kukubali kwamba ni kweli.

"Nguzo zilikuwa zimetiwa kwenye matundu ya zamani," Mpelelezi aliendelea. "Nimezirudisha leo asubuhi, na aliyejua ni mimi na mhudumu tu. Kocha hakujua kama ziliwahi kuhama, akahesabu hesabu yake, akaushika ukuta. Wewe uliambiwa uogelee, ukapunguza. Ulikuwa unaukwepa ukuta ulioamini umesogea. Nani alikuambia umesogea, Nahodha?"

Mhudumu aliinama kuokota kibao ambacho hakikuwa kimeanguka. Nahodha aliogelea mpaka ukingoni, akaegemeza paji la uso kwenye vigae.

"Nilitaka ateguke mkono tu," alisema. "Agonge vidole, mchujo umpite. Nilikuwa nizirudishe kabla ya wengine kuja. Halafu nikaona damu, nikaruka kumshika, na alipotolewa tu, Katibu akachukua funguo."

"Kwa nini?" Aliyeuliza ni Kocha.

Nahodha aliinua uso, na upole wote ulikuwa umemtoka. "Unaniuliza wewe? Zamani nikitoka majini ulikuwa unaniwekea mkono kichwani. Mimi! Kila siku, hata nikishindwa. Akaja yeye, mkono ukahamia kwake. Njia yangu mkampa. Nikasema sawa. Mkaniambia nikalale naye, nimhesabie dawa, nisikilize kama anapumua. Nikasema sawa. Mwaka mzima silali, Kocha. Kasi yangu inashuka, unaniambia niongeze bidii. Yeye akilia, ofisi nzima inahangaika. Mimi nikilia, nililie wapi? Chumba chenyewe hakina komeo!"

"Hukuniambia."

"Mliniweka kwa sababu sisumbui. Ningesema, mngenipenda kwa lipi?"

Mpelelezi alikuwa na mdogo wake ambaye alinunuliwa baiskeli kwa sababu ya kuugua pumu, na miaka yote hii Mpelelezi mwenyewe hajawahi kuipanda baiskeli ile wala kuisahau. Aliacha maneno ya msichana yapite, akapandisha macho kwenye viti.

Kinda alikuwa amesimama. Alishuka ngazi ameshika ukuta, akaja mpaka ukingoni. Hakumtazama Nahodha. Alimtazama Mpelelezi.

"Kwa hiyo nilihesabu sawa?"

"Ulihesabu sawa."

"Mitano?"

"Mitano, mwanangu. Bendera ndizo zilizodanganya mahali pa ukuta."

Kinda alikaa chini palepale kwenye maji ya sakafuni, akalia kwa sauti, bila kujali nani atayaandikia ripoti machozi yake.

Alasiri wote walikuwa ofisini kwa Katibu. Nahodha alikuwa amekalia ukingo wa kiti, nywele mbichi zinadondosha maji zuliani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuomba radhi kwa kuchafua. Kocha alisimama nyuma yake. Kinda alikaa upande wa dirisha, mkoba wake miguuni.

Katibu alisikiliza maelezo yote. Alionekana kupata nafuu. Aliichukua ile barua, akampungia karani aliyekuwa mlangoni.

"Ibaki hivyohivyo," alisema. "Badilisha jina tu."

Karani alinyoosha mkono. Mpelelezi akaiwahi barua, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake.

"Hii inakuja kwenye jalada langu."

"Afande, hayo ni mambo ya ndani ya chama!"

"Binti atafika kituoni kesho na mzazi wake, ataandika maelezo, na sheria itafanya kazi yake. Kupasua mtu kichwa ni kosa, simfichi. Ila na wewe utafika. Nina maswali kuhusu mtoto aliyewekwa kulinda mtoto mwenzake, na daktari aliyeombwa asubuhi ileile akakataliwa."

Katibu alilegeza tai. "Lakini huyu ametudanganya sisi sote! Hawezi kubaki kambini. Aondoke leo hii."

"Na leo usiku atalala na nani?"

Aliyesema ni Kinda. Wote waligeuka.

"Nauliza tu," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Sijamsamehe. Pengine sitamsamehe. Lakini mimi najua usiku wa namna hiyo ulivyo. Mtu amefanya jambo baya, kila mtu amejua, anapakizwa garini peke yake. Kwangu mlimleta yeye. Kwake mnamleta nani?"

Katibu alitazama meza, mahali barua ilipokuwa. Karani naye alitazama viatu vyake.

"Mimi," alisema Kocha. "Nitakaa naye mpaka wazazi wake wafike. Na huyo daktari namwita mwenyewe, saa hii, mpango wa mwakani sitaki hata kuusikia. Atawaona wote wawili."

Kisha, pengine bila kujua anafanya nini, alishusha mkono na kuuweka kichwani kwa Nahodha, juu ya zile nywele mbichi. Msichana alifumba macho. Mabega yake, yaliyokuwa yamekazana tangu asubuhi, yakaanguka.

Mpelelezi alikuwa anafunga vifungo vya koti. Alimtupia Kinda jicho. Binti alikuwa ameukodolea macho ule mkono, bandeji imemshuka upande mmoja, midomo ameibana, na usoni mwake palikuwa pameanza kitu ambacho Mpelelezi alikuwa amekiona mara nyingi siku hiyo, kwa Kocha mbele ya ubao, kwa Nahodha ndani ya maji.

Alisimama mlangoni.

"Kocha," alisema. "Mkono wa pili una kazi gani?"